Bata Walioacha Kutaga: Namna Virusi vya Bata Wafugwao Vinavyotambuliwa na Kusomwa Jeni Zake

Mwezi wa Aprili mwaka 2010, wafugaji wa bata katika majimbo ya mashariki mwa China walianza kuona jambo wasilolizoea. Bata watagao, ambao kundi la mia moja lilikuwa likitoa karibu mayai tisini kwa siku, walipunguza kula kwa ghafla, na katika muda wa wiki moja hadi mbili utagaji ukaporomoka hadi mayai kumi au pungufu. Baadhi walipata homa, wakaharisha kinyesi cha rangi ya kijani, wakayumba walipotembea. Wengine wakapooza miguu. Vifo havikuwa vingi vikilinganishwa na wingi wa walioambukizwa, kwani mara nyingi vilikuwa kati ya asilimia 5 na 15 ya kundi, lakini maambukizi yaliweza kulienea kundi zima. Miezi michache baadaye ugonjwa ulikuwa umefika katika maeneo makuu ya ufugaji wa bata nchini humo, na China ndiyo nchi inayofuga bata wengi kuliko nyingine yoyote duniani.

Mfugaji alitaka kujua atumie dawa gani. Maabara ilikuwa na maswali yaliyotangulia hilo: kisababishi ni nini, kimetoka wapi, kinapitaje kutoka ndege mmoja hadi mwingine, na je, kinaweza kumwingia mtu? Swali la mwisho ndilo linaloutoa ugonjwa wa bata bandani na kuufikisha katika zahanati na hospitali, kwa kuwa kirusi kilichokuja kutambuliwa ni cha jenasi moja na virusi vya dengi, homa ya manjano na Zika.

Dalili zinazofanana, visababishi mbalimbali

Mwili wa bata una njia chache za kuonesha kuwa unaumwa. Kuacha kula, kuharisha, kuyumba, kupooza na kupunguza mayai ni dalili zinazoletwa na virusi vingi visivyohusiana hata kidogo. Kwa hiyo waliochunguza mlipuko wa mwaka 2010 walianza na orodha ya watuhumiwa: mafua ya ndege, kideri, ambacho wafugaji wengine hukiita mdondo, tauni ya bata, inayoletwa na kirusi cha jamii ya hepesi, na ugonjwa wa kuporomoka kwa mayai ulioelezwa kwa mara ya kwanza kwa kuku wa Uholanzi mwaka 1976. Huo wa mwisho una kioja chake. Kisababishi chake ni adenovirusi ambayo makao yake ya asili ni bata wenyewe, na kwa kawaida huishi ndani yao bila kuwadhuru. Kukikuta kirusi hicho katika bata aliyeacha kutaga kusingethibitisha chochote.

Historia ya tauni ya bata inaonesha hasara ya kuamini dalili peke yake. Mwaka 1923, huko Uholanzi, Baudet alieleza ugonjwa uliowaua bata kwa kuvuja damu ndani ya mwili. Alidhani ni kirusi cha tauni ya kuku, yaani mafua makali ya ndege kama yanavyoitwa leo, kilichojizoeza kuishi katika bata. Dhana hiyo ilidumu karibu miaka ishirini. Mwaka 1942 Bos aliyachunguza upya mambo hayo na kuhitimisha kwamba ulikuwa ugonjwa mwingine kabisa, wenye kirusi chake. Siku hizi kipimo cha PCR hutenganisha magonjwa hayo mawili kwa saa chache, mradi tu sampuli iwe imehifadhiwa vizuri na maabara iwe inajua inachokitafuta.

Kutojua kinachotafutwa ndiko kulikokuwa tatizo la mwaka 2010. Mizoga ilipopasuliwa, madhara makubwa yalionekana katika ovari. Vifuko vyenye viini vya mayai vilikuwa vimejaa damu, vimelegea na kuharibika, na vingine vilikuwa vimepasuka na kumwaga kiini tumboni. Vipimo vya watuhumiwa waliozoeleka havikueleza hali hiyo.

Kukikuza kisichojulikana

Kirusi hakikui katika chakula cha maabara kama bakteria. Kinahitaji seli hai. Kwa virusi vya ndege, seli za bei nafuu na zinazopatikana kwa urahisi ni zile za yai lenye kiinitete. Kipande cha ovari, ini au bandama husagwa pamoja na maji ya chumvi, kikazungushwa kwa kasi ili mabaki yatuame, kisha maji ya juu hupitishwa katika chujio lenye matundu madogo kiasi kwamba bakteria hubaki nje na virusi hupita. Maji hayo huchomwa ndani ya mayai ya bata yenye viinitete vya siku tisa hadi kumi na moja. Mayai hukaguliwa kila siku kwa kuyamulika kwa taa. Katika ugonjwa huu, viinitete vilikufa ndani ya siku chache vikiwa na alama za damu chini ya ngozi.

Hatua hii ina mtego. Mayai yakitoka kwa bata jike aliyewahi kuugua au kuchanjwa, huwa na kingamwili za mama, nazo huweza kukizuia kirusi kisikue. Mtafiti asiyejua historia ya mayai yake anaweza kutangaza kwamba hakuna kirusi, kumbe kipo. Kwa sababu hiyo maabara hupendelea mayai ya makundi yanayofugwa katika ulinzi maalumu, yasiyo na maambukizi.

Kirusi kilipopatikana kwa wingi, vipimo vya kale visivyohitaji mashine za gharama vilianza kupunguza orodha. Virusi vya mafua, vya kideri na ile adenovirusi ya mayai huzigandisha pamoja chembe nyekundu za damu ya kuku. Hiki kipya hakikufanya hivyo. Klorofomu ilikiangamiza, jambo lililoonesha kuwa kina utando wa mafuta. Chini ya hadubini ya elektroni zilionekana chembe za mviringo, zenye kipenyo cha takribani nanomita 50. Utando, udogo na umbo hilo viliashiria familia chache tu, ingawa hakuna kirusi kinachopewa jina kwa kuangaliwa umbo peke yake.

Jeni zinaposomwa

Ndipo herufi za jeni zilipokuwa na kazi. Virusi vya familia moja hutofautiana sehemu nyingi za jenomu zao, lakini kuna sehemu ambazo haziwezi kubadilika sana bila kirusi kupoteza uwezo wake wa kuzaliana. Mojawapo ni ile yenye maelekezo ya kimeng'enya kinachonakili RNA. Watafiti hutengeneza vipande vifupi vya DNA, viitwavyo vianzio, vinavyoweza kujishika katika sehemu hizo kwa familia nzima. RNA ya kirusi hugeuzwa kwanza kuwa DNA, kisha vianzio hutumika kuinakili mara mamilioni kwa PCR. Vianzio vya flavivirusi vikileta jibu pale ambapo vya mafua na vya hepesi havikuleta, familia imeshajulikana. Kipande kilichopatikana husomwa herufi kwa herufi na kulinganishwa na hazina za kimataifa za mfuatano wa jeni.

Majibu yalionesha flavivirusi. Jenomu yake ni uzi mmoja wa RNA wenye karibu herufi 11,000, ambazo humpa kirusi mnyororo mmoja mrefu wa asidi amino 3,425. Mnyororo huo hukatwakatwa kuwa protini kumi: tatu za kujenga mwili wa kirusi na saba za kuendesha kazi zake ndani ya seli. Mojawapo ya zile tatu, protini ya utando iitwayo E, ndiyo inayoshika seli ya bata na ndiyo inayolengwa zaidi na kingamwili. Kirusi kilipewa kwanza jina la BYD, kwa kufuata eneo la Baiyangdian ambako kilitengwa, lakini mti wa nasaba uliochorwa kutokana na jeni zake ulikiweka karibu kabisa na kirusi kilichokuwa kimekwisha kupewa jina miaka mingi kabla: Tembusu.

Kirusi cha Tembusu kilipatikana mwaka 1955 katika mbu wa jenasi ya Culex walionaswa Kuala Lumpur, Malaysia. Kwa miongo kadhaa kilibaki jina katika orodha za virusi vya mbu, bila ugonjwa wowote uliofahamika. Mwaka 2000 ndugu yake wa karibu, aliyeitwa Sitiawan, alielezwa kuwa chanzo cha uvimbe wa ubongo na kudumaa kwa vifaranga vya kuku huko huko Malaysia. Wachache walilitilia maanani.

Nasaba hii ina tawi katika Afrika Mashariki. Tembusu na Sitiawan ni wa kundi liitwalo Ntaya, na jina hilo limetoka Uganda. Mwaka 1951 Smithburn na Haddow, waliokuwa wakichunguza homa ya manjano na virusi vya mbu katika nchi hiyo, walitangaza kirusi kipya kilichotoka kwa mbu, wakakiita Ntaya. Ni katika kazi hiyo hiyo ya Uganda ambamo kirusi cha Naili Magharibi kilikuwa kimepatikana mwaka 1937 na cha Zika mwaka 1947. Katika kundi la Ntaya yumo pia Bagaza, aliyepatikana katika mbu wa Jamhuri ya Afrika ya Kati mwaka 1966. Naye, mwaka ule ule wa 2010 bata wa China walipoacha kutaga, aliwaua kwale kusini mwa Hispania. Virusi vilivyoanza kama majina ya mbu wa kitropiki vilikuwa vimekuwa magonjwa ya ndege katika mabara mawili.

Kukiona si kukithibitisha

Mfuatano wa jeni, hata ukiwa kamili, haujathibitisha ugonjwa. Utumbo wa bata mwenye afya una virusi vingi, na mashine za kisasa zinazosoma vinasaba vyote vilivyomo katika sampuli bila kuchagua huvileta vyote mezani kwa pamoja: vyenye hatia, wapita njia, na wenyeji wa siku zote. Sharti la Robert Koch la karne ya 19, lililorekebishwa na Thomas Rivers mwaka 1937 ili lifae kwa virusi, bado linadai jibu: je, kirusi hiki kikiwekwa peke yake katika mnyama mzima, kitaleta ugonjwa ule ule, na kitapatikana tena humo?

Kwa Tembusu ya bata jibu lilikuwa ndiyo. Bata wazima walioambukizwa kirusi kilichokuzwa maabara walipunguza kula, wakaacha kutaga, na ovari zao zikaonesha uharibifu ule ule wa bata wa mashambani. Kirusi kikatolewa tena kutoka katika viungo vyao. Mamlaka na wafugaji waliweza sasa kutumia fedha kwa adui anayejulikana.

Herufi zilieleza pia jambo lililokuwa likiwatatiza watu wa mashambani. Kirusi cha mbu kilitarajiwa kupungua mbu wanapopungua, lakini ugonjwa wa bata uliendelea hata katika majira ya baridi. Majaribio yalionesha kwamba bata walioambukizwa waliwaambukiza wenzao waliokaa nao bila mbu yeyote, na mwaka 2015 ikaripotiwa kwamba kirusi kiliweza kupita hewani kati ya bata wasiogusana. Je, Tembusu ya mwaka 1955, ile iliyotoka kwa mbu wa Malaysia, inaweza kufanya hivyo? Haikuweza. Watafiti wa China walibadilishana sehemu za virusi hivyo viwili, wakapunguza eneo la kutazamwa hatua kwa hatua, hadi wakafika mahali pamoja katika protini ya E: asidi amino ya 156. Kirusi cha bata kina serini mahali hapo, na cha mbu kina prolini. Serini huruhusu mnyororo wa sukari kushikamana na protini jirani na hapo; prolini huuzuia. Serini ilipobadilishwa kuwa prolini katika kirusi cha bata, kilizaliana kidogo zaidi katika mapafu na kikapoteza uwezo wa kuambukiza kwa kukaribiana. Kazi hiyo ilichapishwa mwaka 2018, na ni mfano mzuri kuliko mingi wa kile kinachopatikana kwa kusoma jeni: sababu ya mwenendo wa kirusi, iliyothibitishwa kwa kuigusa.

Kwa mfugaji, tafsiri yake ni ya vitendo. Vyandarua na kufukia madimbwi havitoshi dhidi ya ugonjwa unaopita kwa pumzi na kinyesi. Msongamano wa bata, hewa ya banda, viatu vya wageni na trei za mayai zinazozunguka kutoka shamba hadi shamba vina uzito sawa na mbu, na katika miezi ya baridi huenda vina uzito zaidi.

Jeni zimesaidia pia kurekebisha kalenda. Sampuli za bata zilizokuwa zimehifadhiwa katika majokofu nchini Thailand zilipochunguzwa upya, zilionesha kwamba kirusi hicho kilikuwapo nchini humo tangu mwaka 2007, miaka mitatu kabla ya mlipuko wa China. Aliyezihifadhi sampuli hizo bila kujua zitatumika kwa lipi aliifanyia sayansi hisani kubwa. Na chanjo nazo hutegemea usomaji huo. China imekwisha kusajili chanjo za virusi vilivyouawa na za virusi hai vilivyodhoofishwa. Mojawapo ya zilizodhoofishwa ilipatikana kwa kukipitisha kirusi kilichoitwa FX2010 mara 180 katika seli za viinitete vya kuku, hadi kikawa hakiwadhuru bata. Bata aliyechanjwa akiugua baadaye, ni mfuatano wa jeni unaoweza kuonesha kama kirusi kilichomo ni cha chanjo au cha shambani.

Jina moja, virusi vitatu

Madhara ya kutosoma jeni yanaonekana waziwazi zaidi katika ugonjwa wa ini wa vifaranga vya bata. Huu huua haraka: kifaranga cha wiki moja hulala ubavu, hurudisha kichwa nyuma kuelekea mgongoni, hutapatapa, na huweza kufa katika muda wa saa moja au mbili. Ini lake huwa kubwa na lenye madoa ya damu. Katika kundi changa vifo vinaweza kufika asilimia 95. Levine na Fabricant walikitenga kisababishi katika mashamba ya Long Island, jimbo la New York, mwaka 1949, kikapatikana na chanjo.

Mwaka 1965 Asplin aliripoti kutoka Norfolk, Uingereza, kwamba vifaranga vilivyochanjwa vilikuwa vikifa kwa ugonjwa uliofanana na ule. Kirusi hicho kikaitwa aina ya pili. Mwaka 1969 Toth akaripoti jambo la namna hiyo huko Long Island, ikapatikana aina ya tatu. Namba hizo zilimfanya msomaji adhani kwamba ni ndugu watatu wa nyumba moja, na kwamba chanjo ikiboreshwa kidogo itawafikia wote. Katika miaka ya 1980 hadubini ya elektroni ilionesha kwamba ile ya pili ilikuwa astrovirusi, yenye umbo la nyota, isiyo na uhusiano na ya kwanza. Jeni zilipokuja kusomwa, ilithibitika kwamba ya pili na ya tatu zote ni astrovirusi, zilizo tofauti hata baina yao. Wakati huo huo, usomaji wa kirusi cha kwanza, kilichokuwa kimewekwa miongoni mwa enterovirusi, ulionesha kwamba kilistahili jenasi yake, nacho kikapewa. Mwaka 2007 wanasayansi wa Korea Kusini na Taiwan walieleza ndugu zake halisi, ambao chanjo ya zamani haikuwakinga ipasavyo bata dhidi yao. Hadi hapo mfugaji aliyenunua chanjo, akaitunza katika baridi, akaitoa kwa wakati, kisha akazika vifaranga vyake, alikuwa akilaumiwa kwa uzembe asioufanya.

Ni vema kueleza hapa kwamba jina jipya la kirusi hicho, hepatitisi A ya bata, halina maana kwamba bata wanaeneza hepatitisi A ya binadamu. Virusi hivyo viwili ni wa familia moja pana, lakini cha bata hakijulikani kumuugua mtu. Mgonjwa wa hepatitisi A hakuipata bandani. Mara nyingi aliipata kwa maji au chakula kilichochafuliwa kwa kinyesi cha binadamu. Bata ana mchango mwingine katika elimu ya ini la binadamu: hepatitisi B ya bata, iliyoelezwa mwaka 1980, ilitumika miaka miwili baadaye kugundua kwamba virusi vya namna hiyo hujinakili kwa kupitia RNA, na uelewa huo umo katika msingi wa dawa wanazotumia wagonjwa wa hepatitisi B leo.

Wanaowashika bata

Liko swali la mtu. Mwaka 2013 ilichapishwa taarifa ya uchunguzi wa watu 132 waliofanya kazi katika ufugaji wa bata jimboni Shandong. Takribani asilimia 72 walikuwa na kingamwili dhidi ya Tembusu, na katika karibu nusu yao vipimo vya mate na koo vilionesha RNA ya kirusi. Takwimu hizo zinashtua, na zinahitaji kusomwa polepole.

Mtu anayefagia banda lenye bata wagonjwa huvuta vumbi la manyoya na kinyesi. RNA inayopatikana kinywani mwake inaweza kuwa imetoka katika seli zake, ikimaanisha kwamba kirusi kinazaliana ndani yake, au ikawa imetua tu humo pamoja na vumbi. PCR haitenganishi mambo hayo mawili. Kingamwili nazo zina utata wake: flavivirusi zinafanana kiasi kwamba mtu aliyechanjwa dhidi ya homa ya ubongo ya Kijapani, chanjo inayotolewa kwa watoto nchini China, au aliyewahi kuugua dengi, anaweza kuonekana kana kwamba amekutana na Tembusu. Kipimo cha kuaminika zaidi ni kile kinachoangalia kama maji ya damu ya mtu yanaweza kukizima kirusi hai, kikifanywa sambamba kwa flavivirusi zote zinazohusika. Uchunguzi huo haukuleta ushahidi wa ugonjwa wa watu uliosababishwa na Tembusu. Mfanyakazi wa banda anastahili kuambiwa hivyo, bila kutishwa na bila kudanganywa kwamba hakuna la kuangalia.

Tishio la bata ambalo tayari limewaua watu ni lingine. Mafua ya ndege ya H5N1, ambayo asili ya jeni zake inafuatiliwa hadi kwa bata bukini wa Guangdong mwaka 1996, yaliwapata watu 18 Hong Kong mwaka 1997 na kuwaua sita. Bata huweza kuyabeba na kuyatoa katika kinyesi huku wakila na kuogelea kama kawaida, na hilo ndilo linalowafanya kuwa hatari kuliko kuku, ambao hufa haraka na kupiga kengele. Mwanzoni mwa mwaka 2017 Uganda ilithibitisha aina ya H5N8 kwa ndege wa porini kandokando ya Ziwa Victoria, na kwa bata na kuku wa kufugwa.

Kwa hiyo mgonjwa mwenye homa na kikohozi au kupumua kwa shida, ambaye siku chache zilizopita alichinja, alinyonyoa au alizika ndege wagonjwa, apimwe mafua kwanza, na mhudumu ajikinge kabla ya kuchukua sampuli ya koo na pua. Kifo cha ghafla cha kundi la bata kitolewe taarifa kwa ofisa mifugo siku hiyo hiyo. Mizoga isichinjwe wala kugawanywa kwa majirani. Ofisa atahitaji bata wawili au watatu waliokufa punde au wanaokaribia kufa, kwani RNA huoza haraka kwenye jua; mzoga uliolala bandani tangu jana una thamani ndogo kwa maabara. Vipande vya ini, bandama, ubongo na ovari husafirishwa katika barafu, kila kiungo katika chombo chake, kikiwa kimeandikwa tarehe, umri wa ndege na chanjo walizopewa.

Kama mgonjwa ana homa na dalili za ubongo, na kazi yake ni ya bata, sampuli moja ya damu haitoshi. Ichukuliwe ya kwanza siku anapofika, igandishwe, na ya pili ichukuliwe baada ya wiki mbili hadi nne, kisha zote zipimwe pamoja katika maabara moja. Kingamwili zilizopanda mara nne au zaidi kati ya sampuli hizo huonesha maambukizi ya karibuni. Zilizobaki palepale huonesha kwamba mgonjwa alikutana na kirusi fulani zamani, na homa ya sasa itafutiwe chanzo kingine, kuanzia na malaria.